Hisani na Deni

Hisani na deni ni mambo mawili yafananayo kwa nje na kutofautiana kwa ndani. Mkono utoao hisani na mkono ulipao deni hunyoshwa kwa namna moja, na kitu kitokacho katika mikono hiyo chaweza kuwa kimoja, kibaba cha mchele au kikapu cha mbegu. Lakini mwenye kutoa hisani huchagua siku yake, kiasi chake na mtu wake. Mwenye kulipa deni hana uchaguzi huo. Apewaye hisani hushukuru. Alipwaye deni huhesabu. Kwa sababu hii walimwengu wengi hupenda kuyaita madeni yao kwa jina la hisani, maana jina hilo huwapa sifa bila ya kuwatwisha mzigo.

Katika zama hizi jambo hili limeingia katika shughuli za makampuni makubwa. Kampuni ichimbayo madini, ivuayo samaki au ikatayo miti katika kisiwa kilicho mbali hujenga zahanati, hugawa mchele wakati wa dhiki, huwapa wavuvi nyavu, na huliita tendo lake wajibu wa kampuni kwa jamii. Hapana mtu mwenye akili awezaye kulichukia tendo kama hilo. Lakini huulizwa: wajibu huo ni wa aina gani? Ikiwa ni wajibu wa moyo peke yake, basi sheria haina nafasi ndani yake, na mwenye njaa hana la kufanya ila kungoja na kuomba. Ikiwa ni deni, basi hapana budi liwe na kiasi, liwe na siku, na liwe na mtu mwenye haki ya kulidai.

Huenda mtu akasema kuwa tofauti hii ni ya maneno matupu. Katika mji mkubwa labda ni hivyo; katika kisiwa cha mbali sivyo. Mavuno yakiharibika barani, jirani wa bonde la pili huenda akawa na akiba, na punda, baiskeli au gari hufikisha gunia kabla njaa haijawa msiba. Kisiwani jirani ni bahari. Chakula hutoka katika mambo matatu: udongo uliopo, samaki walio karibu, na chombo kijacho kwa nasibu ya upepo na ya biashara. Udongo ukiondoka hubaki mawili. Samaki wakipungua hubaki moja. Na chombo kisipofika, hapana kitu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na ekari chache za minazi ni bara zima kwa watu mia tano. Anayeziondoa ekari hizo haondoi shamba, bali huondoa nchi.

Ushahidi wa maneno haya umo katika historia ya kisiwa cha Banaba, ambacho Waingereza walikiita Ocean Island. Kisiwa hiki kimo katika bahari ya Pasifiki, karibu na mstari wa ikweta, kadiri ya kilometa 300 mashariki ya Nauru, na leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Eneo lake lote ni kilometa za mraba 6 hivi. Hakina mto wala ziwa. Wenyeji wake walikula nazi, matunda ya mikadi, kungu na samaki wa bahari kuu; na mnazi, mkadi na mkungu ni miti ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki nao huijua. Maji yaliteka wanawake katika mapango yaliyo chini ya miamba. Ukame ulipozidi, kama ulivyozidi katika miaka ya 1870, watu wengi walikufa na wengine walikimbia. Waliobaki walijua thamani ya kila mti, na ardhi yao iligawanyika katika vipande vidogo, kila kipande na mwenyewe.

Mwezi wa Mei, mwaka 1900, Albert Ellis alifika Banaba kwa niaba ya Pacific Islands Company, akaona kuwa mwamba wa kisiwa ni fosfati, madini ambayo hufanywa mbolea. Mkataba uliandikwa upesi. Kampuni ilipewa haki ya kuchimba kwa muda wa miaka 999, kwa malipo ya paundi 50 kwa mwaka. Mkataba ulimtaja mfalme, ijapokuwa Banaba haikuwa na mfalme, na waliotia alama zao hawakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya watu wote. Hata hivyo katika karatasi ile ile mlikuwa na neno jema: kampuni iliahidi kutochimba mahali penye minazi, miti ya matunda au mimea iliyopandwa na wenyeji. Chakula cha kisiwa, basi, kilitambuliwa tangu siku ya kwanza. Hawezi mtu kusema kuwa jambo hili halikujulikana.

Mwaka 1913 kampuni, ambayo sasa iliitwa Pacific Phosphate Company, ilihitaji ardhi zaidi. Mapatano mapya yalifanywa na wenye ardhi, na ndani yake kampuni ilikubali ya kuwa mahali palipokwisha kuchimbwa patapandwa upya, kila itakapowezekana, minazi na miti mingine izaayo chakula. Mwaka 1920 shughuli za kampuni zilinunuliwa na serikali tatu, Uingereza, Australia na New Zealand, zikawekwa chini ya makamishna walioitwa British Phosphate Commissioners. Makamishna hao hawakufanya biashara kwa faida. Waliwauzia wakulima wa nchi zao fosfati kwa bei iliyolingana na gharama, ili mashamba na malisho yao yapate rutuba.

Hapa msomaji atasimama kidogo. Udongo wa kisiwa kimoja ulipakiwa melini, ukavushwa bahari, ukatandazwa katika mashamba ya wengine, ukaotesha ngano na majani ya kulishia ng'ombe na kondoo. Kwa hesabu ya ulimwengu, chakula kiliongezeka. Aliyetazama mizani kutoka Sydney au Auckland aliona neema. Lakini Banaba mashimo yalizidi, na nguzo za mawe makali zilisimama mahali pa minazi. Katika muda wa miaka 80 hivi, tani milioni 20 kwa kadiri zilichukuliwa, na sehemu kubwa ya uso wa kisiwa iliondoka pamoja nazo. Kisiwa kililisha wageni kwa mwili wake, kisha kikanunua chakula kwa meli. Uhakika wa chakula wa watu wengi waweza kujengwa juu ya njaa ya watu wachache, na hesabu kubwa haitaonyesha kosa lo lote.

Ahadi ya kupanda miti ilikuwaje? Ahadi ni deni, wasema wazee. Lakini deni hili halikulipwa ila kwa majaribio machache yasiyokuwa na matunda. Yamkini kupanda mnazi juu ya mwamba ulio uchi ni kazi ngumu, na maneno “kila itakapowezekana” yalifungua mlango mpana kwa mtu asiyetaka kujitaabisha. Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi ni hili. Katika mwaka 1927 na 1928 wenyeji walipokataa kutoa ardhi nyingine, serikali haikusema kuwa jambo hilo ni la hiari ya moyo. Ilitunga sheria mwaka 1928 ya kuichukua ardhi kwa lazima, na ardhi ikachukuliwa. Sheria ilikuwapo, nayo ilikuwa macho. Ilikuwa na meno kwa ajili ya kuchimba, haikuwa na meno kwa ajili ya kupanda. Asemaye kuwa wajibu wa makampuni hauwezi kuamriwa kwa sheria na ajibu kwanza kwa nini haki za makampuni ziliweza.

Vita vikaja. Wajapani walikiteka kisiwa mwaka 1942, wakawatawanya wenyeji katika visiwa vingine, na wengi walikufa. Vita vilipokwisha hawakurudishwa kwao. Mwezi wa Desemba, mwaka 1945, walipelekwa Rabi, kisiwa cha Fiji kilichonunuliwa kwa fedha zao wenyewe, kadiri ya kilometa 2000 kutoka Banaba. Uchimbaji uliendelea bila ya wenyeji kuwapo, hata ulipokwisha mwaka 1979.

Wabanaba hawakunyamaza. Walipeleka mashtaka London katika Mahakama Kuu, na kesi yao ilisikilizwa kwa zaidi ya siku 200. Jaji, Sir Robert Megarry, alisafiri mpaka Banaba akayaona mashimo kwa macho yake. Katika hukumu yake ya mwaka 1976 alisema mambo mawili yanayofaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa maadili. Kwanza, serikali ilikuwa na amana juu ya watu wale, lakini amana ile ilikuwa ya utawala, ya daraja ya juu, wala si amana ambayo mahakama huweza kuilazimisha. Pili, wajibu wa kupanda miti ulikuwa wajibu wa kweli, na makamishna hawakuutimiza. Walakini wenye ardhi hawakustahili kulipwa gharama ya kupanda, bali hasara yao wenyewe tu. Na kwa kuwa walikuwa wakikaa Rabi, hasara hiyo ilionekana kuwa ndogo.

Si haki kumlaumu jaji kwa wepesi. Alikuwa na sheria aliyoikuta, na hoja yake si ya kipuuzi: mtu asiyekaa katika nyumba hawezi kudai gharama ya paa lake lote ikiwa hana nia ya kuliezeka. Lakini hoja hiyo hufunua ubaya wa deni lililocheleweshwa. Mti uliotakiwa kupandwa katika kizazi cha kwanza ungaliwalisha watoto wa kizazi cha pili. Haukupandwa, watoto waliondoka, na kuondoka kwao kukawa sababu ya kusema kuwa hawana haja na mti. Mdaiwa akingoja muda wa kutosha, kuchelewa kwake hugeuka kuwa utetezi wake.

Mwaka 1977 serikali zilizohusika zilitoa dola milioni 10 za Australia kuwa fedha za hisani, bila ya kukiri deni. Wabanaba walizipokea mwaka 1981. Safari ya maneno ilikamilika hivyo. Kilichoanza kwa mkataba, kikaandikwa kuwa wajibu na kuthibitishwa mahakamani kuwa haki iliyovunjwa, kilimalizika kwa jina la hisani. Watu walipewa kitu, nao walitakiwa washukuru.

Baada ya mfano huu ni wajibu kuzisikiliza hoja za wapinzani, kwa maana zina uzito. Hoja ya kwanza husema kuwa wema ulioamriwa si wema. Sheria ikilazimisha kutoa, utoaji huwa kodi, na moyo wa mtoaji hukauka. Hoja ya pili husema kuwa kulisha watu ni kazi ya serikali. Kampuni hulipa kodi, na serikali itumie kodi hiyo. Hoja ya tatu husema kuwa kampuni ikitwishwa mizigo mingi itakihama kisiwa, na kisiwa maskini kitakosa hata kazi ndogo kilizokuwa nazo.

Hoja hizi zilishindana hadharani katika Indonesia, nchi yenye zaidi ya visiwa 17,000, ambayo visiwa vyake vya mpakani vingi hungojea chakula kutoka mbali. Sheria ya makampuni ya mwaka 2007, katika kifungu cha 74, iliamuru kila kampuni itumiayo maliasili kutimiza wajibu wake kwa jamii na mazingira, na gharama yake ihesabiwe katika gharama za kampuni. Wafanya biashara walikwenda katika Mahakama ya Katiba wakidai kuwa jambo la hiari limegeuzwa lazima. Mwaka 2009 mahakama ilikataa dai lao. Lakini kanuni ya serikali iliyofuata mwaka 2012 haikutaja kiasi cha kutolewa. Iliacha mpango wa mwaka utungwe na wakurugenzi na kukubaliwa ndani ya kampuni yenyewe. Wajibu uliandikwa, lakini mdaiwa ndiye aliyepewa kalamu ya kuandika kiasi cha deni lake.

India ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2013 ilizitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu katika kazi za jamii. Hapa kiasi kipo, nacho ni jambo jema. Walakini asilimia ya faida ni kipimo cha mfuko wa mtoaji, si kipimo cha tumbo la mlaji. Kampuni ikipata hasara katika mwaka wa ukame, mchango hupungua wakati ambapo haja imeongezeka. Tanzania nayo ilibadili Sheria yake ya Madini mwaka 2017, ikamtaka mwenye haki ya kuchimba atayarishe kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii kwa kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa. Hapa mdaiwa haandiki peke yake. Yuko mwingine mezani. Kila nchi imeshika sehemu moja ya ukweli.

Kwa hoja ya kwanza, basi, jibu ni kuwa sheria haiui hisani, bali huionyesha mahali pake. Mtu aliyekula cha mwenziwe hawezi kujisifu kwa sadaka kabla hajarudisha alichokula. Mila za watu wengi, wa dini na wasio wa dini, hukubaliana kuwa deni la marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, wala hapana asemaye kuwa amri hiyo imeua ukarimu wa warithi. Hisani huanza pale deni linapokwisha. Kampuni iliyolipa alichostahili mwenyeji, kisha ikaongeza zahanati kwa mapenzi yake, hiyo imefanya hisani, na sifa ni haki yake.

Hoja ya pili ina ukweli ambao haufai kufichwa. Serikali isiyolisha watu wake isijifiche nyuma ya kampuni. Hatari ya kumfanya mchimbaji kuwa mlishaji ni kubwa: duka lake likawa ghala la kisiwa, meli yake ikawa barabara ya kisiwa, na siku atakapofunga hesabu zake chakula kikafungwa pamoja nazo. Lakini hoja hii haiondoi deni, hulifafanua. Serikali hudaiwa ulinzi wa watu wote kwa kuwa ni serikali. Kampuni hudaiwa kile ilichokiondoa kwa kuwa ndiyo iliyokiondoa. Kodi ni malipo ya kuishi chini ya sheria pamoja na wengine. Si bei ya udongo wa mtu fulani, wala si ruhusa ya kumwachia shimo.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa hutisha wenye shida. Ni kweli kuwa kampuni moja yaweza kuondoka. Lakini ile isiyoweza kuchimba ila kwa kuacha njaa nyuma yake haina faida ya kweli. Ina faida ya kukopa bila ya kulipa. Kisiwa kinachoikosa kampuni ya namna hiyo kimekosa mshahara wa miaka michache, na kimebaki na minazi yake. Kisiwa kisifanye uchaguzi huo katika giza wala kwa alama ya mtu mmoja aliyeitwa mfalme.

Sheria ifaayo ingelikuwa na sifa nne. Ingepima deni kwa chakula kabla ya kulipima kwa fedha: miti mingapi, maji kiasi gani, akiba ya miezi mingapi ikiwa chombo hakikufika. Ingetaka malipo yatangulie kazi, dhamana ya fedha ikiwekwa mahali salama kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini, ili kuchelewa kusiwe faida. Ingeyafuta maneno mapana kama “kila itakapowezekana”, au ingemtwisha kampuni mzigo wa kuthibitisha kuwa haikuwezekana. Na ingewapa wenyeji wenyewe, wanawake wanaojua maji yalipo pamoja na wanaume wanaojua samaki walipo, haki ya kudai mbele ya mahakama. Amana ambayo haina wa kuidai ni neno zuri tu.

Sheria hiyo haitapanda moyo wa huruma katika kifua cha mwenye hisa. Hapana sheria iwezayo. Lakini mnazi hauulizi kama aliyeupanda alipenda au alilazimishwa. Ukipata udongo na maji, huzaa, na mtoto hushiba kwa nazi ya mpandaji mkaidi sawasawa na ya mpandaji mwema. Huruma ya kweli huja na baraka zake, nayo ipokewe kwa shukrani. Ila chakula cha watu walio katikati ya bahari kisitundikwe juu ya uzi wa huruma.

Banaba leo wako watu wapatao mia tatu, wakiishi kati ya mashimo na mitambo iliyoshika kutu, juu ya ardhi ambayo wakati mmoja ilikuwa ya minazi, mikadi na mikungu. Deni la miti ya mwaka 1913 lilipewa jina la hisani likafungwa. Mashimo bado yako wazi. Dawa ya deni ni kulipa, na wakati wa kulipa ni wakati ambapo mwenye kudai bado yu hai na bado yuko kwao.